Kasyoka na Mizani ya Duka Letu

Watu wa Kwa Vonza, soko letu hapa Kitui, wanasema binti yangu Kasyoka alinyang'anywa medali Nairobi. Wengine wanasema ni hongo, wengine wanasema ni ukabila, na kinyozi wa hapa kando ya barabara, ambaye hajawahi kuona taekwondo hata kwa simu, anasema refa alinunuliwa. Mimi huwaacha waseme. Naitwa Muthoki, mimi ndiye mama yake, na nilikuwepo. Hakukuwa na refa. Kasyoka hakufika hata kwa refa.

Nitaanza na mizani, na mkiona nazunguka, ngojeni. Mimi nikieleza kitu sipendi kukatizwa.

Mume wangu Mulwa hununua ndengu hapa sokoni. Wakulima wanaleta kwa punda, kwa pikipiki, wengine kwa mgongo. Sisi tunapima, tunashona magunia, halafu lori linakuja kutoka Nairobi kuchukua. Ukiingia dukani kwetu kitu cha kwanza kuona ni ile mizani: bamba la chuma chini la kuwekea gunia, na juu ya mlingoti kioo chenye namba nyekundu. Hapa sokoni hakuna nyingine kubwa hivyo. Watu huja kujipimia hata mbuzi.

Kasyoka alipokuwa na miaka minane alikuja fundi mmoja wa pikipiki, mtu wa mbali, akaifungua ile mizani, akagusagusa ndani kwa bisibisi, akaifunga. Tangu siku hiyo kilo hamsini zikawa zinasoma arobaini na nane na nusu. Si nyingi. Mulwa aliniambia, "Mama Kasyoka, wote wanafanya hivi. Hata wa lori nao wananiibia mimi." Nikanyamaza. Na msidhani sikujua nanyamazia nini. Mimi nilizaliwa Kalamba, upande wa Makueni, kwa mama aliyelima ndengu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kila msimu alirudi kutoka kwa mnunuzi akisema, "Gunia lilikuwa zito zaidi nilipolibeba." Sisi watoto tulimcheka, tukadhani ni uzee. Nilipoolewa kwa mnunuzi ndipo nikajua haukuwa uzee.

Sasa, Mulwa haoni vizuri vitu vya karibu, na hata kama angeona, mkulima hamwamini mnunuzi anayejisomea mwenyewe. Basi akamweka Kasyoka awe anasoma. Mtoto wa darasa la tatu, meno ya mbele hana, anainama, anasoma kwa sauti, "Thelathini na mbili, pointi nne," kisha anakutazama machoni. Utaanzaje kubishana naye? Mtoto hana uongo. Wakulima wakampenda. Wengine walikuwa wakipita maduka mawili ya wenzetu ili waje wasomewe na Kasyoka. Akakua akisoma. Jumamosi, likizo, mpaka akamaliza kidato cha nne, yeye ndiye sauti ya ile mizani, na wala hakujua kitu. Hilo nawaapia. Hatukuwahi kumwambia.

Taekwondo ilimpata akiwa kidato cha kwanza. Kijana mmoja wa Kitui mjini, Fahim, ambaye kwao wana duka la vitambaa karibu na msikiti, alikuwa akifundisha wasichana katika ukumbi wa kukodi. Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na fimbo ya maneno tayari mdomoni. Msichana kurusha miguu juu mbele ya watu, hata sikutaka kusikia. Nikakuta wamevaa nguo nyeupe mpaka kwenye vifundo, wana ngao kifuani na kofia ngumu kichwani, na wakimaliza kupigana wanainamiana kwa heshima. Heshima ambayo nyumbani siioni. Nikarudi nimenyamaza. Mulwa akacheka, akasema leo Muthoki amepatikana.

Kasyoka ni mrefu na mwembamba, na mguu wake wa kushoto unafika kichwani kwa mtu kabla hujajua umeondoka chini. Mwaka huu mwezi wa tatu, kule Machakos, katika mashindano ya kirafiki ambayo watu hawakupimwa uzito, alimpiga msichana wa Mombasa anayeitwa Nasreen, alama kumi na mbili kwa tano. Huyo Nasreen ndiye watu wote walikuwa wakimwogopa. Basi Fahim akaja mpaka dukani, akakaa juu ya gunia, akatuambia jambo lenyewe. Mwezi wa saba kungekuwa na mashindano ya kimataifa Nairobi, nchi kumi na nne, na Kasyoka angeingia. Mwenye kupata medali, hata ya shaba, angechukuliwa kambi ya timu ya taifa. Na kutoka kambini wengi huishia kuandikwa kazi katika vikosi, polisi au jeshi.

"Tena, mama yangu, shaba katika taekwondo hutolewa mbili," Fahim alisema. "Wale wawili wanaoshindwa nusu fainali wote wanapata. Kasyoka akishinda mara mbili tu, amefika."

Kasyoka alikuwa na miaka kumi na tisa, alama zake za kidato cha nne hazikuwa za kumpeleka popote, na alikuwa amesimama pale kando ya mizani kama alivyosimama miaka yote. Nilimwona akimeza mate. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka hapa, na hakukuwa na nyingine.

Lakini ilibidi apigane kwa wale wa chini ya kilo arobaini na tisa. Kwa uzito wa juu wasichana ni warefu kama yeye na wana mifupa. Huku chini yeye ndiye mrefu. Klabu ilikuwa na mizani ndogo ya kukanyagia, ikavunjika mwaka jana. Fahim alipoulizwa kama watanunua nyingine akasema, "Ya nini? Kwenu kuna ya duka. Hiyo ndiyo ya uhakika."

Mulwa alikuwa hapo. Mimi nilikuwa hapo. Tulitazama ndengu.

Wiki sita Kasyoka alipima kila asubuhi kabla hatujafungua duka. Alianza na hamsini na moja. Akaacha chapati, akaacha mafuta, ugali akawa anakula wa kujaza kiganja. Alikimbia mpaka njia ya Kitui na kurudi akiwa amevaa sweta mbili. Anapanda kwenye bamba bila viatu, anasoma mwenyewe kwa ile sauti yake, na mimi naandika kwenye kalenda ukutani. Hamsini. Arobaini na tisa pointi sita. Arobaini na tisa pointi mbili. Kisha anampigia Fahim kumwambia.

Mtaniuliza, Muthoki, na wewe ulikuwa unafikiria nini? Nimejiuliza zaidi yenu. Uongo ukikaa nyumbani miaka kumi na moja unakuwa mtu wa familia. Humshangai tena, unampikia tu. Mwaka juzi nilipimwa kliniki nikaambiwa nina kilo sabini na nne, na kwa mizani yetu nina sabini na mbili. Nilirudi nikimlaumu nesi. Nililaumu mashine ya kliniki, mimi niliyemfungulia fundi mlango. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Na zile asubuhi ambazo nilikumbuka, maana zilikuwepo asubuhi mbili tatu nilizokumbuka nikiwa na kalamu mkononi, nilijiambia kwamba Fahim ni mtu wa kazi yake, atampima mahali pengine. Kumwambia Kasyoka ni kumwambia yote. Nikaandika namba.

Siku ya mwisho nyumbani alisoma arobaini na nane pointi tisa. Akashuka akacheka, akanikumbatia. Mbavu zake nilizihisi moja moja.

Mulwa alisema msichana hawezi kwenda na mwalimu mwanamume peke yake, kwa hiyo nikaenda nao Nairobi. Upimaji ulikuwa kwenye ukumbi wa mashindano yenyewe, siku moja kabla, saa nane mchana mpaka saa kumi. Nilikuwa na kikapu chenye mayai ya kuchemsha na chapati nne, maana alikuwa hajala tangu jana yake, na alikuwa amenihesabia dakika za kula baada ya kupimwa. Wasichana waliingia mmoja mmoja katika chumba, ndani mkiwa na maofisa wanawake. Mimi na Fahim tulikaa kwenye benchi la mbao nje. Nasreen aliingia, akatoka anakula ndizi. Kasyoka akaingia.

Alipotoka uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Hata nikamfungulia kikapu.

"Mwaitu," akaniambia, maana hivyo ndivyo Kikamba chetu kinavyomwita mama, "mizani yao imeharibika. Inasema hamsini pointi nne."

Fahim akaruka. "Haiwezekani. Jana ilikuwa arobaini na nane pointi tisa."

"Ndiyo nimewaambia. Nimewaambia kwetu tuko na mizani ya duka, najipima kila siku."

Fahim alikwenda mlangoni akaanza kulalamika, na Fahim si mtu wa kulalamika. Alisema huyu msichana amepimwa wiki sita mfululizo, alionyesha meseji kwenye simu, namba zote, tarehe zote. Ofisa akamjibu kwa upole kwamba wasichana wanane wamepita na hakuna mwingine mwenye shida, lakini sheria inampa kila mtu nafasi ya pili kabla ya saa kumi. Fahim akanigeukia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mama Kasyoka, ile mizani yenu ni ya kuaminika?"

Kasyoka alikuwa ananitazama. Kile nilichohisi siwezi kukiita hofu. Mikono yangu ilikufa ganzi kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko, na hiyo ganzi mpaka leo haijatoka yote.

"Ni ya kuaminika," nikasema.

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Fahim akamvalisha sweta mbili na koti lake mwenyewe, na chini yake karatasi ya plastiki, akamwambia apande ngazi za ule ukumbi. Kasyoka akapanda akashuka, akapanda akashuka. Alikuwa akitema mate kwenye chupa ili kila kitu kitoke. Watu wa nchi nyingine walikuwa wanapita na mabegi yao, wanampisha. Ilipofika saa tisa na nusu akaja akakaa chini mbele yangu, akanipa mgongo, akasema, "Nikate nywele."

Alikuwa amesukwa rasta ndefu kwa ajili ya picha. Fahim akaleta makasi ya kukatia bandeji. Nikakata. Nilikata rasta moja moja nikiziweka juu ya kikapu, na nilijua hesabu yote: kilo moja na gramu mia nne, na nywele hazifiki hata robo. Nilijua kila kitu na nilikata vizuri, bila kumwumiza. Sikulia. Nilingoja kilio kije, nikaona hakiji, nikaendelea.

Mara ya pili akasoma arobaini na tisa pointi saba. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo; alitoka naye mpaka mlangoni akiwa amemshika bega. Ikaandikwa kwamba ameondolewa. Kasyoka akakaa kwenye benchi, kichwa chake kidogo kimebaki na visiki vya nywele, akachukua kikapu, akapangusa rasta zilizokuwa juu, akala chapati zote nne. Akala na mayai. Mimi nilimshikia chupa ya maji.

Fahim alitaka tubaki tutazame mashindano kwa sababu tiketi tulikuwa nazo. Kasyoka akasema sawa. Basi siku ya pili nzima tukakaa juu kwenye viti vya watazamaji, tukatazama. Matokeo ya chini ya kilo arobaini na tisa yalikuwa haya, nayakumbuka kama mstari wa Biblia: dhahabu Misri, fedha Uganda, shaba moja Ethiopia, na shaba ya pili Nasreen, Kenya. Nasreen alipovikwa medali alitazama juu tulipokaa, akainamisha kichwa kwa heshima kumwelekea Kasyoka. Kasyoka naye akasimama akainama. Kisha akakaa.

Nyumbani Mulwa alikuwa amefunga mbuzi chini ya mkwaju na amewaambia watu wa kanisa waje Jumapili. Tuliposhuka alimtazama Kasyoka kichwani, akanitazama mimi.

"Ilikuwaje?"

"Kilo," nikasema.

Akageuka akaitazama ile mizani. Nilimwona akizeeka hapo hapo. Kasyoka alipokwenda kuoga, Mulwa akasema kwa sauti ya chini, "Si angepima hata hospitali." Halafu akakaa juu ya gunia akafunika uso. Sikumwambia pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi pia hakuna aliyeniambia.

Nikamwambia amwite fundi airudishe mizani ilivyokuwa zamani. Akatikisa kichwa. "Sasa hivi, katikati ya msimu? Gunia lililosoma arobaini wiki jana lisome arobaini na moja leo? Wote watajua." Na alikuwa amesema kweli, hilo ndilo baya. Mizani ikishadanganya muda mrefu huwezi kuifanya iseme kweli bila yenyewe kukushtaki.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka nikasikia kitu kikiburutwa dukani. Nilimkuta Kasyoka na marobota mawili ya unga, yale ya kiwandani ambayo hayajafunguliwa. Robota moja ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Kila mtu anajua ni kilo ishirini na nne. Alikuwa ameyapandisha yote mawili kwenye bamba. Kioo kilikuwa kinasema arobaini na sita pointi sita.

Nilisimama mlangoni. Alijua nipo. Alitazama zile namba muda mrefu, midomo ikihesabu. Nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige. Ningefurahi angenitukana. Alishusha robota moja, akashusha la pili, akayarudisha kwenye rafu na kuyapanga sawa. Kisha akapita karibu yangu kwenda kuchota maji ya kuosha duka, akasema, "Umeamka, mwaitu," kama siku zote.

Fahim amempigia simu mara nyingi. Anasema aje ajaribu uzito wa juu, anasema mwakani kuna mengine. Kasyoka humwambia sawa kocha, na Jumamosi haendi. Zile nguo nyeupe amezikunja, ziko juu ya kabati.

Wiki hiyo hiyo watu walikuwa wengi, maana bei ya ndengu ilikuwa imepanda, na foleni ilifika mpaka nje. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mzee, Kathini, ambaye hutoka ng'ambo ya mto na punda wake mmoja. Ana zaidi ya miaka sabini na huja kwetu tu. Alimshika Kasyoka kichwa, akampapasa zile nywele fupi.

"Nimesikia walikuonea kwa mizani, mjukuu wangu," akasema. "Hao ndivyo walivyo. Wenye mizani wanatula tangu mimi sijaolewa. Pole sana."

"Asante, susu," Kasyoka akasema.

Akalibeba yeye mwenyewe gunia la Kathini, akaliweka kwenye bamba. Nikajua sasa. Nikajiambia, sasa atasema, mbele ya foleni yote, na duka litafungwa, na mimi nitaweza kulia. Nawaambia ukweli, nilikuwa nasubiri hivyo kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Nisomee," Kathini akasema.

Kasyoka akainama. Akasoma kwa sauti ileile, wazi, akimtazama mama mzee machoni. "Arobaini na mbili, pointi nane."

Halafu akageuka. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Mama, nimesoma sawa?"

Mulwa alikuwa anashona gunia, sindano ikasimama. Watu kwenye foleni walikuwa wakizungumza mambo yao. Kathini alikuwa anatabasamu, anangoja, maana kwake hilo halikuwa swali la kitu chochote. Niliiona njia. Nilihitaji kusema neno moja, hapana, na ningelisema kwa mtoto wangu na kwa mama yangu aliye kaburini Kalamba. Mikono yangu ilikuwa na ganzi mpaka mabegani.

"Umesoma sawa," nikasema.

Kathini akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Ndiyo maana siendi kwa wengine," akasema. "Huyu mtoto hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Kasyoka alishusha gunia. Akapangusa bamba la chuma kwa kiganja, akanyooka, akatazama foleni.

"Anayefuata," akasema.